Sumu Tunayokaa Nayo Nyumbani

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, ndani ya bwalo la shule. Inachapwa hapa kwa ombi la Kamati.)



Nashukuru kwa heshima niliyopewa ya kusimama mahali hapa. Mara ya mwisho niliposimama mbele ya bwalo hili niliitwa kwa sababu nyingine, nayo haikuwa ya heshima. Walimu wa wakati ule waliopo hapa watanisamehe nisipoieleza.

Barua ya Katibu ilinitaka niseme juu ya nafasi ya msomi katika ujenzi wa taifa. Ni kichwa kizuri, lakini hotuba zake nimezisikia nyingi katika bwalo hili, na nakiri kwamba nyingine nilizisikiliza huku nikiwaza wali ulioko jikoni. Kwa hiyo nimeomba ruhusa, nami nimeruhusiwa, nizungumze juu ya jambo dogo zaidi, linalotugusa mchana huu huu.

Asubuhi ya leo tumepitisha kwa kauli moja kwamba michango yetu ya mwaka huu itumike kupaka rangi mabweni mawili, na fedha itakayobaki ipake rangi madawati na bembea za shule ya awali iliyoko ng'ambo ya uwanja wa mpira. Nami nilinyoosha mkono kuunga azimio hilo. Silipingi. Ila naomba, kabla hatujanunua kopo la kwanza, tufikiri pamoja juu ya kilichomo ndani ya kopo, na juu ya vitu vingine vingi tunavyoviingiza katika nyumba zetu bila kuuliza vimetengenezwa kwa nini, na mtoto atapatwa na nini akivitia mdomoni.

Baadhi yenu mtakumbuka mwaka 1995, tulipokuwa kidato cha pili. Jumamosi moja tuliamriwa tutoe vitanda vya chuma nje ya bweni, tuvikwangue rangi ya zamani ili vipakwe mpya. Tuligawiwa msasa na vipande vya vioo. Tulikwangua tangu asubuhi hadi saa nane, tukiimba. Vumbi la njano na la kijani lilituganda usoni na katika nywele, na kengele ya chakula ilipolia tulikimbilia bwaloni, tukajifuta mikono kwenye kaptura, tukala ugali na maharage kwa vidole vile vile. Hakuna aliyetukataza, kwa sababu hakuna aliyejua. Simlaumu mtu. Hata mimi sikujua mpaka nilipokuwa mtu mzima mwenye ofisi, nilipoanza kusoma karatasi za kitaalamu juu ya madini ya risasi.

Risasi ninayoisema ni ile ile ya kutengenezea risasi za bunduki, ile ile ya fundi wa kulehemu redio, ile ile iliyomo katika betri za magari. Ni madini mazito, laini, yasiyoshika kutu upesi, na ndiyo maana watu waliyapenda tangu zamani. Katika rangi yalitiwa kwa sababu tatu. Ya kwanza, unga mweupe wa risasi hufunika ukuta vizuri. Ya pili, mchanganyiko wa risasi na kromu hutoa rangi ya njano, ya chungwa na nyekundu inayong'aa, na ukichanganywa na buluu hutoa kijani. Ya tatu, risasi huifanya rangi ya mafuta ikauke upesi, na ile nyekundu ya kuzuia kutu hushika sana juu ya chuma. Rangi za zamani za aina hiyo, zikishakauka, ziliweza kuwa na risasi kufikia nusu ya uzito wake. Na tazameni, ndugu zangu: njano, nyekundu, kijani, rangi ya mafuta juu ya chuma na mbao. Ndizo rangi tunazozichagua kwa ajili ya bembea za watoto.

Mtu mzima akikaa karibu na rangi hiyo isiyobanduka, haimdhuru. Madhara huja inapochakaa, ikawa vumbi na magamba. Mtoto wa miaka miwili kazi yake ni kutambaa, kushika na kutia mdomoni. Ndivyo Mungu alivyomwumba ajifunze dunia. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanaeleza kwamba mtoto mdogo, akimeza kiasi kile kile cha risasi alichomeza mtu mzima, mwili wake hufyonza mara nne hadi tano zaidi. Na mwili wake hauitambui kuwa ni adui. Huifananisha na chokaa ya mifupa, yaani kalisi, ukaihifadhi katika mifupa na meno, na nyingine huingia katika ubongo unaokua. Mtoto asiyepata chakula chenye kalisi na madini ya chuma ya kutosha hufyonza zaidi. Kwa maneno mengine, sumu hii humpenda mtoto wa maskini.

Binti aliyejaa risasi mifupani akija kushika mimba, mifupa huitoa tena katika damu, ikamfikia mtoto tumboni. Basi uzembe wa leo unaweza kumdhuru mtu ambaye mama yake bado yuko shule ya msingi.

Jambo linalonitisha zaidi ni kwamba ugonjwa huu, katika kiasi kidogo, hauna dalili ambayo mama anaweza kuiona. Hakuna homa wala upele. Mtoto anakua, anacheza, anaingia darasani. Ila hasikii somo kama alivyopasa kusikia, hatulii, anasahau, ana hasira za haraka. Mwalimu anasema ni mtukutu. Baba anasema ni mvivu. Kipimo cha risasi katika damu hakipatikani katika zahanati zetu, kwa hiyo hakuna anayesema neno la kweli. Risasi ikizidi sana, huleta maumivu ya tumbo, degedege, kuzimia na kifo. Zipo dawa za kuitoa katika damu ya aliyezidiwa, lakini ubongo uliokwisha kudhurika haurudi ulivyokuwa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mwaka 2020 shirika la UNICEF, pamoja na shirika la Pure Earth, lilitoa taarifa kwamba mtoto mmoja kati ya kila watatu duniani, yaani watoto wapatao milioni 800, ana risasi katika damu kwa kiasi cha mikrogramu 5 au zaidi katika desilita moja, kiasi kinachotaka hatua zichukuliwe. Wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu.

Ndugu Mwenyekiti, mtu aweza kudhani kwamba habari hizi ni mpya, na kwamba dunia imechelewa kwa kuwa haikujua. Sivyo. Mwaka 1904, huko Brisbane katika jimbo la Queensland, Australia, daktari wa macho aitwaye John Lockhart Gibson aliandika kwamba watoto aliokuwa akiwatibu walipata sumu kutokana na rangi ya kuta na vizuizi vya baraza za nyumba zao. Jua liliigeuza rangi kuwa unga, watoto wakaushika, wakalamba vidole. Queensland iliweka sheria juu ya jambo hilo mwaka 1922. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia wapaka rangi wasitumie unga mweupe wa risasi ndani ya majengo. Lakini Marekani, pamoja na wataalamu wake wote, ilikataza rangi ya risasi majumbani mwaka 1978. Tangu daktari yule aandike mpaka sheria ile ipite ni miaka 74. Hesabuni wenyewe ni watoto wa vizazi vingapi.

Hali kadhalika kwa petroli. Mwaka 1921, huko Dayton, Marekani, mhandisi Thomas Midgley aligundua kwamba kemikali yenye risasi ikitiwa katika petroli huzuia injini kugonga. Mafuta hayo yakaanza kuuzwa mwaka 1923, na mwaka uliofuata wafanyakazi kadhaa wa viwanda vilivyotengeneza kemikali ile walikufa baada ya kupatwa na wazimu. Hata hivyo dunia nzima iliyanunua. Sisi sote tuliosoma hapa miaka ile tulivuta moshi wake kila lori la chakula lilipopanda kilima. Mwaka 2001 nchi za Afrika zilizoko kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar kuyaacha, na kufikia mwanzoni mwa 2006 zilikuwa zimeyaacha. Nchi ya mwisho duniani kuyauza kwa magari ya kawaida ilikuwa Algeria, nayo iliacha mwaka 2021. Jambo hili lanipa moyo. Linaonyesha kwamba serikali zikiamua pamoja, hata zile tunazoziita maskini, sumu huondoka, na magari yanaendelea kutembea.

Lakini risasi haijatuhama. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi tangu mwaka 2007 hadi 2014, kikiwa kimepakana ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Mama mmoja aliyeajiriwa hapo, Phyllis Omido, aliuguliwa na mtoto wake mchanga, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu ya mtoto. Aliacha kazi akaanza kuwatetea majirani zake. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, shauri likakatiwa rufani, na mwezi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikaithibitisha fidia ile. Kule Thiaroye-sur-Mer, Senegal, kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 walikufa watoto 18, kwa sababu watu walichekecha udongo uliotokana na betri ili waokote vipande vya risasi wakauze. Na kule Kabwe, Zambia, mgodi ulifungwa mwaka 1994, lakini watoto wanaocheza juu ya udongo ule hata leo wanapimwa na kukutwa na risasi. Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye jirani fundi betri anayemwaga maji ya betri na kuyeyusha sahani zake nyuma ya nyumba, usiseme ni riziki ya mtu, ukanyamaza. Riziki yake itafutiwe mahali pengine, mbali na watoto.

Siyo rangi na betri peke yake. Wanja tunaowapaka watoto wachanga machoni, aina nyingine zake husagwa kutokana na jiwe lenye risasi. Sufuria zinazosubiwa mitaani kwa vyuma chakavu zimepimwa katika nchi kadhaa, Cameroon mojawapo, zikakutwa zikitoa risasi katika chakula. Tena iko zebaki. Sabuni na mafuta ya kujichubua, mengine yana zebaki, ambayo huharibu figo na mishipa ya fahamu. Mama anayejipaka hamdhuru nafsi yake tu. Mtoto amnyonyeaye huigusa ngozi ile, huilalia shuka ile, na hewa ya chumba kile ndiyo anayoivuta. Mkataba wa Minamata juu ya zebaki ulikubaliwa mwaka 2013, ukaanza kutumika 2017, na unakataza vipodozi hivyo. Hata hivyo bado vinapita njia za panya. Vijana wa kiume mnaocheka, mjue kwamba soko hilo linaendeshwa na maneno yenu mnapowasifia wasichana weupe.

Sasa niwaambie jambo langu mwenyewe, maana si haki nisimame hapa kuwahutubia watu kana kwamba mimi nimesalimika.

Mwaka 2011 mtoto wangu wa kwanza alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minane. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika. Nilitoka dukani na mafuta ya taa, nikakuta chupa ya mafuta ina ufa. Nikachukua chupa ya soda iliyokuwa tupu, nikamimina humo, nikaiweka sakafuni kando ya mlango wa jikoni, nikaenda kutafuta kibiriti. Mtoto yule aliijua chupa ya soda. Siku tatu nyuma nilikuwa nimemnywesha soda kwa mkono wangu.

Tulisikia kikohozi tu. Nilimkuta amekaa, chupa imelala, kifua kimelowa. Jirani yetu mwema alikuja mbio, akasema atapishwe, akamtia kidole kooni. Mwingine akaleta maziwa. Nami, mwenye shahada ya chuo kikuu, nilikuwa nimemshika mtoto miguu nikifuata kila neno lililosemwa. Alitapika. Tulipofika hospitali alikuwa akihema kama aliyekimbia mbio ndefu. Mganga aliniuliza kwanza alikunywa nini, kisha akaniuliza nani alimtapisha. Akanieleza kwa upole kwamba mafuta ya taa hayaui sana yakiwa tumboni. Yanaua yakiingia katika mapafu, na njia kuu ya kuyaingiza mapafuni ni kumtapisha mtu. Tulikaa siku nne, mama yake na mimi, tukihesabu pumzi zake. Alipona. Leo ni kijana mwenye sauti nzito, na anapenda mpira. Lakini katika wodi ile kulikuwa na mtoto mwingine, wa jirani zetu wa kitanda cha pili, aliyekuwa amekunywa maji ya magadi makali ya kutengenezea sabuni, nayo yalikuwa katika kikombe. Yule koo lake liliungua. Sikupata kujua mwisho wake.

Usiku mmoja pale hospitalini nilimkumbuka mwalimu wetu wa kemia. Wenzangu wa mkondo wa sayansi mnajua alivyokuwa mkali. Alikuwa akiingia maabara, akiikuta chupa isiyo na jina, anaimwaga bila kuuliza, na aliyeiacha anafagia maabara wiki nzima. Alisema chupa isiyo na jina haina mwenyewe. Mimi nilipata alama nzuri katika somo lake. Nilidhani somo lile ni la maabara.

Ndugu Mwenyekiti, liko na la pili, nalo ni la ofisini. Miaka michache baadaye nilikuwa katibu wa kamati ya zabuni mahali nilipokuwa nikifanya kazi. Tulinunua rangi ya kupaka uzio na michezo ya watoto katika kituo kimoja cha kulelea watoto. Zililetwa bei tatu. Tulichagua iliyo chini, kama kawaida, nami niliandika katika muhtasari kwamba wajumbe wameridhika. Hakuna mjumbe aliyeuliza kama rangi ile ina alama ya ubora, wala kama imepimwa risasi. Sisemi kwamba ilikuwa na sumu. Nasema kwamba tuliokuwa mezani, watu saba wenye elimu, hatukuuliza, na watoto wa kituo kile hawakuwa na mtu mwingine wa kuwaulizia. Nimepita pale mara nyingi. Ile rangi ya njano imeanza kubanduka.

Kama nilitakiwa kuzungumza juu ya nafasi ya msomi katika ujenzi wa taifa, basi nadhani nimekwisha kuizungumza. Ni kuuliza swali moja wakati wa kuuliza, kabla muhtasari haujatiwa sahihi.

Najua yatasemwa maneno mawili. La kwanza ni kwamba hii ni kazi ya serikali. Ni kweli, na serikali haikukaa bure. Tangu mwaka 2003 tunayo Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Shirika la Viwango linatoa alama ya ubora. Kikomo kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa kwa rangi ni sehemu 90 za risasi katika sehemu milioni moja, na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekwisha kukichukua katika viwango vyao vya rangi. Lakini sheria haina miguu ya kuingia kila duka la pembezoni, kila kontena na kila kopo linalojazwa upya uani. Mnunuzi asipouliza, muuzaji hana haja ya kujibu.

La pili ni umaskini. Watasema, mtu asiye na chakula umwambie habari ya sehemu katika milioni! Nami najibu kwamba rangi isiyotiwa risasi imetengenezwa miaka mingi, tena rangi ya maji ya ukutani kwa kawaida haitiwi risasi kabisa. Kutenga chupa ya mafuta na chupa ya soda hakugharimu senti. Kunawa mikono hakugharimu ila maji. Wazazi wetu, wengi wao wasiojua kusoma, walikaa chini ya miti mwaka 1973 wakasikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba. Hawakungoja watajirike kwanza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wenyewe ndio huu tunaotaka kuupaka rangi.

Basi napendekeza mambo haya, Ndugu Mwenyekiti, nayo nimemkabidhi Katibu kwa maandishi.

Kwanza, Kamati inunue rangi yenye alama ya ubora tu, na katika barua ya kuomba bei iandikwe wazi kwamba muuzaji alete hati ya kipimo inayoonyesha kuwa risasi haizidi sehemu 90 katika milioni. Asiyeleta hati, bei yake isifunguliwe hata kama ni ya chini kuliko zote.

Pili, rangi ya zamani isikwanguliwe kavu. Palipo pazima paachwe, pafunikwe kwa rangi mpya. Palipobanduka palowanishwe kwanza kwa maji, ndipo pakwanguliwe kwa msasa wa maji, na chini patandikwe karatasi ya nailoni ya kukusanyia magamba. Isichomwe kwa moto, na mbao kuukuu zenye rangi zisipelekwe jikoni kuwa kuni. Sakafu ipigwe deki; isifagiliwe kwa ufagio mkavu.

Tatu, kazi hiyo wasifanye wanafunzi. Najua ni mila ya shule yetu kujitegemea, nami naiheshimu. Mikono yangu ilijifunza kazi hapa. Wanafunzi walime, wafyeke, wabebe mawe. Kukwangua rangi ya zamani wafanye mafundi watu wazima, wenye vizuia vumbi vinavyofaa, wakati wa likizo, nao wanawe na kubadili nguo kabla ya kwenda kwa watoto wao.

Nne, bembea za shule ya awali zitangulie, kabla ya mabweni yetu. Fedha ikipungua, ipungue kwetu. Wale ng'ambo ya uwanja ndio wadogo zaidi.

Na kwenu, wadogo zangu mlioko shuleni, nina ombi. Mtakapofika nyumbani likizo hii, ingieni jikoni na stoo kabla hamjaingia sebuleni. Tazameni kila chupa ya soda, ya maji na ya juisi. Mkiikuta ina mafuta ya taa, dawa ya kunguni, dawa ya chooni au dawa ya mimea, iondoeni, iwekwe juu mahali pa kufungwa, katika chombo chake chenye jina lake. Kopo la dawa ya mimea lililokwisha, msiliache likageuzwa la kutekea maji, litoboeni. Dawa ya panya ya kupimiwa kwenye karatasi msiinunue. Waambieni wazazi kwa adabu, na mtoto akinywa mafuta au magadi asitapishwe. Apelekwe hospitali mbio pamoja na chupa yenyewe, ili mganga aione. Wadogo zenu waosheni mikono kabla ya kula. Wapeni maharage, mboga za majani, dagaa, na maziwa yakipatikana, kwa kuwa mwili ulioshiba vyakula hivyo huifyonza risasi kidogo zaidi. Hayo yote hayahitaji cheo wala mshahara.

Wenzangu wa mwaka wetu, tuliokwangua vitanda vile tukiimba, hatuwezi kujua tulipoteza nini Jumamosi ile, au kama tulipoteza chochote. Hatukupimwa, na sasa hakuna maana ya kupimwa. Lakini watoto wa ng'ambo ya uwanja wako pale hivi sasa. Nimewasikia wakicheza wakati Mwenyekiti alipokuwa akisoma taarifa ya mapato na matumizi. Jumatatu Kamati itakwenda dukani. Ombi langu ni kwamba iende na lile swali.